Imla ndani ya Google Sheets: kuhamisha daftari la chama kwa sauti

Shangazi yangu anaishi Umoja, Nairobi, na ndiye mweka hazina wa chama chao cha kuweka akiba. Mwezi wa tano, mvua ikiwa bado nyingi, aliteleza kwenye ngazi za ploti akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Daktari akasema plasta wiki sita. Wiki hizohizo ndizo wenzake walikuwa wanangoja rekodi zote za daftari ziwe kwenye kompyuta kabla ya mkutano wa kugawana akiba. Akanipigia simu. "Mwanangu, nina kurasa thelathini na moja na mkono mmoja. Nifanyeje?"

Kazi yangu mimi ni kuingiza data, na miaka kadhaa sasa naandika kwa sauti kwa sababu viganja vyangu navyo vilianza kuuma. Basi nilienda kwake Jumamosi nne mfululizo. Daftari lilikuwa na kurasa 31, mistari 20 kila ukurasa, wanachama 23. Tulimaliza. Nimeandika humu njia tuliyofikia mwishoni, pamoja na mahali tulipopotea, kwa sababu najua akina mama wengi na vijana wengi wanaoweka hesabu za vyama kwa mikono inayouma.

Nikisema safu, namaanisha zile zinazoshuka chini: A, B, C. Nikisema mstari, ni ule unaolala, wenye namba pembeni. Seli ni kisanduku kimoja, pale safu na mstari zinapokutana.

Jambo la kujua mapema, kwa sababu hapa ndipo watu hukata tamaa: kwenye kompyuta, Google Sheets, yaani jedwali la Google, haina kitufe chake cha imla, cha kuandika kwa sauti. Google Docs, ile ya kuandikia hati, inacho. Kwa hiyo tunasema kwenye Docs, kisha tunahamisha maneno kwenda Sheets. Windows nayo ina imla yake ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na H, nayo huandika popote pale kishale kilipo, hata ndani ya seli ya Excel. Nilipotafuta Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake sikukiona. Dragon, programu ya imla ambayo watu huisifu sana tangu mwaka 1997, ni ya kununua na haijui Kiswahili. Google iliongeza Kiswahili kwenye utambuzi wake wa sauti mwaka 2017, na kwa daftari la chama linalosomwa kwa Kiswahili, sijaona cha kuishinda.

Hatua ya 1: Tenga kinachosemwa na kinachobonyezwa

Usiseme kila kitu. Hili nalisisitiza kuliko yote. Imla ni nzuri kwa sentensi: kwa nini fulani alitozwa faini, mkopo ulikuwa wa nini, mkutano ulikubaliana nini. Pesa, namba za simu, namba za vitambulisho na kodi za M-Pesa (zile namba za muamala) zibonyezwe kwa kidole, hata kama ni kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

Kodi ya M-Pesa ni herufi na tarakimu 10 zilizochanganywa, na hakuna mashine itakayosikia hiyo vizuri. Inakili kutoka kwenye ujumbe wenyewe na uibandike.

Pesa ina shida yake ya Kiswahili chetu. Mtu akisema "elfu ishirini na tano", anaweza kumaanisha 25,000 au 20,005. Sisi tukiwa mkutanoni tunaelewa kwa sababu tunajua nani alikopa kiasi gani. Mashine haijui. Mara itaandika tarakimu, mara itaandika maneno, na siku utakayojumlisha safu hiyo, seli zenye maneno hazitahesabiwa na Sheets haitakuambia. Ukilazimika kutaja kiasi ndani ya maelezo, sema "ishirini na tano elfu" kwa 25,000. Na majina ya mtaani ya pesa, soo, ngiri na mbao, uyaache kwa mazungumzo ya stejini.

Majina nayo tuliyaacha. Shangazi alisema Nekesa mara tatu na tukapata maneno matatu tofauti, hakuna hata moja lililokuwa jina. Tulifungua ukurasa wa pili kwenye jedwali tukauita Wanachama, safu A namba ya mwanachama, safu B jina lake, tukaandika yote 23 mara moja tu. Kwenye ukurasa mkuu unabonyeza namba kwenye safu B, na safu C inaleta jina:

=IF(B2="","",VLOOKUP(B2,Wanachama!A:B,2,FALSE))

Neno FALSE mwishoni ni la lazima. Ukiliacha, Sheets itaridhika na namba inayokaribiana na uliyoandika, na mchango wa mtu mmoja utaenda kwa jina la mwingine.

Ukurasa wetu mkuu basi ukawa hivi: tarehe, namba, jina, kiasi, halafu safu tatu za maneno: aina, maelezo, na makubaliano. Zile nne za kwanza ni za kidole, au zinajijaza. Tatu za mwisho ni za mdomo.

Hatua ya 2: Chumba na kipaza sauti

Nunua earphone za waya zenye kipaza sauti. Luthuli Avenue zimejaa, na za bei ya chini zinatosha. Za Bluetooth sizipendi kwa kazi hii: zikianza kutumia kipaza sauti chake, sauti hupungua ubora, na zikikatika katikati ya sentensi hujui ni maneno gani yamepotea. Kipaza sauti kikae upana wa vidole viwili hivi kutoka kwenye kona ya mdomo, kisiwe mbele yake, maana pumzi ya "p" na "b" hukigonga.

Saa ya kufanya kazi ni muhimu kuliko kompyuta yako. Kwa shangazi, asubuhi kabla ya saa tatu ilikuwa nzuri. Baada ya hapo anapita muuza mitumba na spika yake, na alasiri mvua ikipiga mabati ya jirani tulilazimika kusimama. Funga dirisha kwa sababu nyingine pia: unasoma kwa sauti nani ana deni na nani alitozwa faini, na kuta za ploti ni nyembamba. Jirani wa shangazi ni mwanachama. Tena sauti yako inasafiri kwa intaneti hadi kwenye mitambo ya Google ili isikilizwe huko. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na taarifa za wenzako ni dhamana uliyopewa. Kutumia namba badala ya majina kulitusaidia hapo pia.

Hatua ya 3: Washa imla

Fungua Google Docs kwa Chrome, hati mpya. Nenda Tools, kisha Voice typing, au bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Chrome itaomba ruhusa ya kutumia kipaza sauti, iruhusu. Juu ya picha ya kipaza sauti kuna orodha ya lugha: chagua Kiswahili, na ukipewa nchi, chagua Kenya. Bofya kipaza sauti, kikiwa chekundu anza kusema.

Usiende kwenye dirisha jingine wakati unasema. Imla itazima na utakuwa unaongea peke yako.

Hatua ya 4: Chagua maneno ya kutenganisha

Hapa tulikaa sana, na ningependa wewe usikae.

Ukitumia imla ya Docs kwa Kiingereza, unasema jina la alama ya uakifishaji na alama inatokea. Kwa Kiswahili haifanyi hivyo. Ukisema "nukta", inaandika neno nukta. Ukisema "mstari mpya", inaandika mstari mpya. Maneno yako yote yanatoka kama mto mmoja mrefu, bila kituo wala aya. Mwanzoni niliona ni kasoro. Baadaye nikaona ni jambo tunaloweza kulitumia: kama kila neno linaandikwa jinsi lilivyo, basi tuchague neno moja la kumaanisha "hamia safu inayofuata", na jingine la kumaanisha "mstari umeisha". Kisha Sheets itakata kila mahali inapoona maneno hayo.

Neno letu la kwanza la safu lilikuwa "kituo". Lilisikika vizuri sana. Ukurasa wa pili wa daftari ukawa na maelezo haya: alipoteza kadi ya chama, ameripoti kituo cha polisi. Sentensi ikakatwa katikati, na "cha polisi" ikaenda kukaa kwenye safu ya makubaliano.

Tukabadilisha kuwa "mkato", ambalo ndilo jina halisi la alama ya koma. Hilo lilituumiza zaidi, kwa sababu mashine ilizoea kusikia "mkate". Nikasema si neno, tutaiambia Sheets ikubali yote mawili. Lakini chama hiki hununua chai na mkate kila mkutano, na gharama hizo zimo daftarini. Kila mkate wa kweli ukakata mstari.

Mwishowe nilimwambia shangazi, "Tuchukue kitu ambacho hakijawahi kuingia kwenye chama chenu." Akafikiri kidogo, akasema, "Kifaru." Tukachukua kifaru kwa safu na pundamilia kwa mwisho wa mstari. Daftari zima halina mnyama hata mmoja. Na maneno yenyewe ni mazuri kwa sikio la mashine: pundamilia ina silabi tano, na neno refu lina mengi ya kushika kuliko neno fupi. Utakuta wakati mwingine imeandikwa "punda milia", maneno mawili, na wakati mwingine kwa herufi kubwa. Usihangaike kurekebisha, fomula ya hatua ya 6 inakubali zote.

Kama rekodi zako ni za kikundi cha utalii au cha wafugaji, chagua kitu kingine. Kanuni ni neno refu, la kawaida kwa Kiswahili, lisilo na ndugu wa karibu kwa sauti, na lisilomo kabisa kwenye rekodi. Pitia daftari lote kwanza uhakikishe.

Jambo jingine la lugha: hapa Nairobi tunachanganya. Daftari la shangazi lilikuwa limejaa maneno ya Kiingereza ya mikopo na michango, na ukiyasema wakati imla iko kwenye Kiswahili, inajaribu kuyageuza kuwa Kiswahili na matokeo hayasomeki. Tuliandika kikaratasi tukakibandika ukutani: mchango, mkopo, riba, faini, mdhamini, mzunguko, akiba, matumizi. Aina ya kila mstari ilikuwa lazima itoke kwenye kikaratasi hicho. Hilo lilisaidia hata baadaye, maana safu ya aina ikawa na maneno manane tu na unaweza kuichuja bila shida.

Hatua ya 5: Soma ukurasa mmoja, simama

Soma ukurasa mmoja wa daftari kwa wakati mmoja. Kasi ya mtu anayesoma tangazo la mazishi redioni ndiyo inayofaa: kila neno limekamilika, lakini sentensi haikatiki. Ukisema neno moja moja kama unamfundisha mtoto, mashine inakosa muktadha na inakosea zaidi.

Hivi ndivyo mistari mitatu ya shangazi ilivyotoka kwenye Docs, nimeinakili ilivyo:

faini kifaru alichelewa mkutano wa mwezi wa pili kifaru atalipa mkutano ujao pundamilia mchango kifaru kifaru ameomba risiti punda milia mkopo kifaru wa karo ya shule mdhamini ni namba tisa Kifaru arudishe kwa miezi mitatu pundamilia

Angalia mstari wa pili: hakukuwa na maelezo, kwa hiyo alisema kifaru mara mbili mfululizo. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Ukikosea, usirudi nyuma kwa sauti. Maagizo ya kuhariri kwa mdomo yapo kwa Kiingereza peke yake. Unaweza kubofya neno lenye kosa ukalirekebisha huku kipaza sauti kikiwa bado chekundu, kisha ukarudisha kishale mwisho wa maandishi na kuendelea. Kwa mtu mwenye mkono mmoja, nashauri aache makosa yote hadi hatua ya 7.

Hatua ya 6: Kata maneno yaingie kwenye seli

Kwenye jedwali lako, ongeza ukurasa mpya uuite Imla. Nakili maandishi yote ya ukurasa mmoja kutoka Docs. Kisha ubofye seli A1 mara mbili, kishale kianze kuwaka ndani yake, ndipo ubandike. Ukibofya mara moja tu, na kama kuna mahali ulibonyeza Enter kwa bahati mbaya kule Docs, maandishi yatamwagika A2, A3 na kuendelea, na fomula itasoma kipande cha kwanza pekee.

Kwenye B1 weka:

=TRANSPOSE(SPLIT(REGEXREPLACE(A1,"(?i)\s*punda ?milia\s*","|"),"|"))

Inageuza kila pundamilia kuwa kijiti (|), inakata penye kijiti, na inapanga vipande kushuka chini. Kile kipande cha (?i) ndicho kinachosema herufi kubwa au ndogo ni sawa. Alama ya kuuliza baada ya nafasi inasema nafasi hiyo iwepo au isiwepo. Zile \s* zinafagia nafasi za pembeni ili seli zisianze na pengo.

Kabla hujaendelea, hesabu. Ukurasa wetu una mistari 20, basi lazima vipande viwe 20. Andika =COUNTA(B1:B40) mahali pembeni. Ikisema 19, pundamilia mmoja hakusikika na mistari miwili imeungana.

Sasa kwenye C1:

=SPLIT(REGEXREPLACE(B1,"(?i)\s*kifaru\s*","|"),"|",TRUE,FALSE)

Iburute chini hadi mstari wa 20.

Ile FALSE ya mwisho iligharimu usiku mzima. Jumamosi ya kwanza sikuiweka. SPLIT ikiachwa jinsi ilivyo hutupa vipande vyote vitupu, na haisemi. Kwa hiyo mstari wa pili hapo juu, "mchango kifaru kifaru ameomba risiti", ulitoa vipande viwili badala ya vitatu, na "ameomba risiti" ikakaa kwenye safu ya maelezo. Ukiutazama mstari mmoja huoni kosa, kwa sababu "ameomba risiti" inaonekana kama maelezo ya kawaida. Tulipitisha kurasa nne hivyo. Jioni shangazi akataka kuona makubaliano yote yaliyobaki bila kutekelezwa, nikachuja ile safu ya mwisho, akasema, "Hapana, hapa hakuna risiti hata moja, na mimi nakumbuka watu watano walioomba." Alikuwa sahihi. Nilirudi nyumbani nikitafuta kosa kwenye imla, nikasikiliza tena, nikalinganisha na picha za daftari nilizopiga kwa simu, nikabadilisha maneno. Saa saba usiku ndipo niliposoma maelezo ya SPLIT yenyewe na kuona ina nafasi nne: maandishi, kitenganishi, kama kila herufi ya kitenganishi ikate peke yake, na kama vipande vitupu viondolewe. Hiyo ya nne, usipoijaza, ni TRUE. Ikiwa FALSE, seli tupu inabaki tupu na kila kitu kinakaa mahali pake.

Kwenye fomula ya B1 tunaiacha TRUE kwa makusudi, kwa sababu maandishi huisha na pundamilia na hatutaki mstari mtupu mwishoni.

Bado kuna tahadhari. Kila mstari sahihi unatoa vipande vitatu. Ukiona vipande vitano, mistari miwili imeungana, pundamilia ilipotea hapo. Ukiona viwili, kifaru mmoja hakusikika. Vinne, umesema kifaru mara moja zaidi. Itazame safu ya F na ya G kwenye ukurasa wa Imla: zikiwa na maandishi, rudi A1 urekebishe pale pale, na mengine yote yatajipanga upya.

SPLIT pia hugeuza kinachofanana na namba kuwa namba, na kinachofanana na tarehe kuwa tarehe. Kipande chenye 5/2 peke yake kitakuwa tarehe. Namba ya simu itapoteza sifuri yake ya mbele. Ndiyo sababu nyingine ya kuvibonyeza hivyo vyote kwa kidole, na safu ya namba za simu uipange kwanza kuwa Plain text kupitia Format, kisha Number.

Vipande vikikaa sawa, chagua C hadi E, nakili, nenda ukurasa mkuu, bandika kwa Ctrl, Shift na V. Hiyo inabandika maneno bila fomula. Ukitumia Ctrl na V ya kawaida utabandika fomula zenyewe, nazo zitaanza kusoma seli za ukurasa huo mwingine.

Hatua ya 7: Safisha makosa yanayojirudia

Mashine hukosea kwa namna moja. Kwa sauti ya shangazi, "faini" ilitoka "fani" karibu nusu ya nyakati. Ctrl na H inafungua Find and replace, na hamu ya kwanza ni kubadilisha "fani" yote kuwa "faini".

Usifanye hivyo. Kiswahili huweka maneno ndani ya maneno. Ndani ya mafanikio kuna fani. Ndani ya ufanisi kuna fani. Utabonyeza mara moja na utapata mafainikio na ufainisi kwenye kumbukumbu za mkutano mkuu. Vilevile ukitafuta "lipa" utagusa alilipa, hajalipa, atalipa. Weka tiki kwenye Search using regular expressions, kisha utafute \bfani\b. Hizo \b mbili ni mipaka ya neno, kwa hiyo itachukua fani iliyosimama peke yake tu. Na uchague safu ya maneno kwanza, usiiache ipite jedwali zima.

Weka orodha ya makosa ya sauti yako kwenye karatasi. Baada ya kurasa tano tulikuwa na tisa, na hayakuongezeka tena.

Hatua ya 8: Hariri seli moja moja kwa simu

Marekebisho madogo nayafanya kwa simu, sipendi kurudi Docs kwa ajili ya maneno matatu. Kwenye Gboard, kibodi ya Google ya simu, ongeza Kiswahili kwenye lugha zake, fungua programu ya Sheets, gusa seli mara mbili, gusa kipaza sauti cha kibodi, sema. Kubadilisha neno moja, libonyeze kwa muda hadi lichaguliwe, ndipo useme jipya.

Kugusa mara mbili ni muhimu, na kwenye kompyuta ni F2. Seli ikiwa imechaguliwa tu bila kufunguliwa, neno la kwanza unaloandika linafuta yote yaliyokuwemo. Ikitokea, Ctrl na Z mara moja.

Saa: shangazi alisema "mkutano saa tatu asubuhi", na kwenye maelezo hilo ni sawa kwa sababu anayesoma ni Mswahili. Lakini usiandike 3:00 kwenye safu ya saa. Andika 9:00.

Hatua ya 9: Tarehe na jumla

Fungua File, kisha Settings, uangalie Locale. Ikiwa United States, ukibonyeza 3/4 itakuwa tarehe 4 mwezi wa tatu. Mimi huweka United Kingdom, siku inatangulia mwezi kama tunavyoandika hapa. Fanya hivi kabla ya kuingiza tarehe ya kwanza, kwa sababu zilizoingia vibaya hazitajirekebisha.

Kisha kila ukurasa ulinganishe jumla ya safu ya kiasi na jumla iliyo chini ya ukurasa wa daftari. Kwetu kurasa mbili zilipishana. Moja ilikuwa kidole changu. Nyingine daftari lenyewe lilijumlishwa vibaya tangu mwaka jana, shilingi 200, na shangazi akaandika kwa mkono wa kushoto pembeni ya ukurasa huo ili aieleze mkutanoni.

Faili za Docs usizifute. Zipe majina kwa kurasa, Imla 1 hadi Imla 31, uziweke folda moja na picha za daftari. Mwanachama akibisha kuhusu maelezo yake, unaanzia hapo: alichosoma mweka hazina, na kilichoandikwa kwa wino.